Milioni 3.6 kwa miezi 18: kibubu, mchezo, kikoba, SACCOS au UTT?

Tuseme lengo limeshaandikwa, tena vizuri. Kiwanja cha shilingi 3,600,000 nje ya mji, ndani ya miezi 18. Kiasi kinajulikana, tarehe inajulikana, na ukigawanya unapata laki mbili kila mwezi. Wengi wakifika hapo huona kazi imekwisha, wanabandika karatasi ukutani na kuanza kuomba Mungu. Swali lililobaki ndilo linaloua malengo mengi ya pesa: hiyo laki mbili ikipatikana tarehe 28, inalala wapi mpaka mwezi ujao?

Hapa nimeziweka pamoja njia tano ambazo mtu wa kawaida Tanzania anaweza kuanza nazo bila kujuana na mkubwa yeyote, na zote nimezipima kwa lengo hilo hilo la kiwanja. Anayewaza ada ya chuo, cherehani au mtaji wa saluni abadilishe tu kiasi na tarehe. Msimamo wangu nausema mapema, usije ukadhani sina upande: kwa lengo la chini ya miaka miwili, usichague njia kwa sababu ya faida yake. Chagua ile inayoziba tundu ambalo pesa yako huvujia.

Faida ni ndogo kuliko unavyodhani

Chukua njia yoyote inayolipa, tuseme, asilimia 10 kwa mwaka. Ukiweka 200,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 18, faida yote kwa hesabu rahisi ni kama 255,000. Si zaidi, kwa sababu laki mbili ya kwanza inakaa miezi 17 na ile ya mwisho haikai hata siku moja. Sasa ukiruka miezi miwili tu, sababu kulikuwa na msiba na halafu simu ikapasuka, 400,000 haipo. Aliyeweka kwenye kopo chini ya kitanda bila kuruka mwezi anamaliza na pesa nyingi kuliko aliyewekeza kwa asilimia 10 akaruka miwili. Mfumuko wa bei nao umekuwa ukizunguka asilimia 3 miaka ya karibuni, hivyo ndani ya miezi 18 si adui wa kutisha. Lengo la miaka mitano au kumi lina hesabu nyingine kabisa, na nitaligusa baadaye.

Kwa hiyo kwenye jedwali hili safu ya faida isikuvute. Anza na ya pili.

| Njia | Nani anakuzuia usitoe | Dharura ikija | Faida | Ikipotea, unamdai nani |
|---|---|---|---|---|
| Kibubu cha nyumbani | Wewe mwenyewe | Unaipata papo hapo | Hakuna | Hakuna wa kumdai |
| Mchezo | Kijumbe (msimamizi wa mchezo) na wenzako | Usubiri zamu, au ubadilishane namba | Hakuna | Kijumbe, mara nyingi kwa maneno tu |
| Kikoba | Katiba ya kikundi, na aibu | Mkopo au mfuko wa jamii | Mgawo unaotokana na riba ya mikopo yenu | Kikundi, na viongozi wake |
| SACCOS (chama cha akiba na mikopo) | Makato ya mshahara | Mkopo, kwa utaratibu wake | Gawio la kawaida. Nguvu yake ni mkopo | Chama, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika |
| UTT, mfuko wa Ukwasi (uwekezaji wa pamoja) | Hakuna | Siku tatu za kazi | Bei ya kipande ikipanda | Ni uwekezaji, hauna dhamana |

Kibubu

Kibubu kina sifa moja ambayo watu waliosoma fedha huidharau: hakikati ada. Dereva wa bodaboda anayebakiwa na 3,000 jioni hawezi kila siku kuituma mahali kwa makato. Anaitumbukiza, basi. Kwa pesa inayoingia kwa vipande vidogo vidogo kila siku, hakuna pa kupokelea panapofaa zaidi.

Pa kuikalisha ni jambo jingine. Kibubu unachoweza kukivunja kwa nyundo hakiishi miezi 18 kwenye nyumba yenye watoto, wageni na luku inayokatika saa tatu usiku. Hata ukikivumilia, noti zenyewe zina mambo yake. Kati ya Januari na Aprili 2025 Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko noti za zamani, zile za miaka ya 1985 hadi 2003 pamoja na ya shilingi 500 ya 2010, na muda ulipopita hazikuwa tena pesa halali. Aliyekuwa na kopo la kale alilolisahau darini alilikuta na karatasi.

Kibubu cha simu, kama M-Pawa ambayo Vodacom iliileta 2014, kinaondoa hofu ya mwizi na moto na kinaongeza riba kidogo. Lakini kipo kwenye simu ile ile unayonunulia vocha. Kama pia una deni la Songesha, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, ujue pesa ikiingia kwenye akaunti yako hukatwa deni kwanza kabla hujaigusa, kwa hiyo panga kulipa deni hilo kabla hata lengo halijaanza.

Mchezo

Hapa pana hesabu tamu kuliko watu wanavyojua. Mkiwa 18, kila mmoja akitoa 200,000 kwa mwezi, kila mwezi mtu mmoja anapokea 3,600,000. Aliyepata namba ya kwanza ana kiwanja mwezi wa kwanza! Anachofanya miezi 17 inayofuata ni kulipa deni lisilo na riba hata senti moja. Hakuna benki itakayokupa hivyo. Na wa 18? Yeye ndiye aliyewakopesha wote, bure, halafu amebeba hatari yote.

Kwa hiyo kuuliza kama mchezo ni mzuri hakutoshi; uliza unapewa namba ngapi. Namba za mwanzo kwa lengo kama kiwanja, ambacho bei yake inapanda, ni bahati kubwa. Namba za katikati zinavumilika. Za mwisho, kama kukataa hakutakugombanisha na ndugu, jitoe, maana ni kibubu ambacho ufunguo wake wanao watu kumi na saba. Ndiyo maana kijumbe mara nyingi hujipa namba ya kwanza mwenyewe, na kwa kweli si dhuluma: akikimbia mtu, yeye ndiye anayegongewa mlango.

Watu 18 ni wengi mno. Mchezo unaodumu ni wa watu wanaojuana kwa kazi au kwa mtaa, sita hadi kumi, ambao hakuna anayeweza kuhama kimya kimya. Walimu wa shule moja, wauza mbogamboga wa soko moja, wauguzi wa wodi moja. Kwa watu tisa unapata 1,800,000, yaani nusu ya kiwanja, na mkirudia mzunguko mara ya pili miezi 18 imetimia. Omba namba za mbele katika mzunguko wa pili, watu wakishakuona unalipa.

Tafadhali usichanganye haya na "upatu" wa kupanda mbegu na kuvuna mara mbili. DECI, upatu wa aina hiyo, ilifagia pesa za watu wengi mpaka serikali ilipoisimamisha 2009, na tangu hapo zimekuja nyingine kwa sura ya programu za simu. Dalili ni moja tu: kwenye mchezo, pesa unayopokea ni ile ile mnayotoa, penye ahadi ya kuzidi hapo bila kazi yoyote inayoonekana, anayelipwa leo analipwa na atakayejiunga kesho.

Kikoba

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa mtu ambaye hana mshahara wa mwezi, ni hii. Utaratibu wake ulianzia Niger mwaka 1991, kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika hadi ukafika kwetu na kupewa jina la VICOBA. Mnakutana kila wiki au kila baada ya wiki mbili, mnanunua hisa mbele ya macho ya wote, pesa inahesabiwa kwa sauti, sanduku linafungwa kwa kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Vikundi vingi sasa vimehamia kwenye simu (M-Koba ni mfano), kufuli zimekuwa namba za siri, ila mantiki ni ile ile: mtu mmoja peke yake hatoi.

Kinachokifanya kikoba kishinde si riba. Kwanza ni kuonekana. Ukikosa hisa Jumamosi, kuna faini, na mbaya zaidi kuna Mama fulani atakayekuuliza mbele ya watu una tatizo gani. Pili, na hili halisemwi vya kutosha, kikoba kinakupa jibu la heshima kwa ndugu. Shemeji akipiga simu anataka laki moja, huwezi kumwambia "ninayo ila ni ya kiwanja". Utaitwa mchoyo mpaka kwenye arusi ya mjukuu wako. Lakini "pesa yangu ipo kikoba, mpaka Desemba" ni jibu ambalo hata mama mkwe anaelewa. Kama pesa yako huvujia kwa ndugu, na kwa wengi wetu ndiko inakovujia, faida hiyo peke yake inazidi asilimia yoyote.

Tatu ni mfuko wa jamii, ule mchango mdogo wa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Unakuzuia kuvunja lengo kwa sababu ya homa ya mtoto.

Sasa ubaya wake. Mgawo unatokana na riba ya mikopo ambayo wanachama wenyewe wanalipa; mara nyingi unaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zako. Mwenye lengo la kuweka tu, asiyekopa, ndiye anayenufaika zaidi, na ndiyo sababu vikundi vingine humlazimisha kila mwanachama akope walau mara moja. Uliza hilo kabla ya kuingia. Mkopo uliochukuliwa ili kufurahisha kikundi ni pesa ya kiwanja inayotoka kwa mlango wa nyuma. Mjini wapo wanaokopa kikoba cha Jumatano kulipa cha Jumamosi, na mwisho wao ni mikopo ya kausha damu na friji kubebwa.

Pia angalia mwezi wa kuvunja. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, yaani pesa zako zote zinaingia mkononi wiki ambayo mbuzi, nguo za watoto na nauli ya kijijini vinakusubiri, na Januari ada inapiga hodi. Kwa lengo la miezi 18, mwaka mmoja wa kikoba utakwisha katikati ya safari. Siku ya mgawo, kabla hujatoka kwenye kikao, uwe umeshajua pesa inahamia wapi. Wengi walioshindwa na kikoba hawakushindwa wakati wa kuweka. Walishindwa siku ya kupokea.

Usajili una maana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi kwenye daraja la nne, na usajili unafanyika kupitia halmashauri. Kikundi kilichosajiliwa kina katiba iliyoandikwa na viongozi wanaojulikana. Anayewaza mtaji badala ya kiwanja apate na hili: mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, hupitia vikundi.

SACCOS

Kwa mwajiriwa, SACCOS ya kazini ina silaha ambayo hakuna nyingine inayo: pesa inakatwa kabla mshahara haujafika. Usichokiona hukitamani. Laki mbili inaondoka, unaishi na kilichobaki, na baada ya miezi mitatu umesahau kwamba iliwahi kuwa yako.

Lakini soma masharti kwa umakini, kwa sababu watu huingia SACCOS wakidhani ni benki. Hisa hazitoki mpaka ujitoe uanachama. Akiba ndiyo msingi wa kukopeshwa, mara nyingi hadi mara tatu yake, na kuitoa unapotaka si rahisi. Kwa hiyo njia yenye akili hapa ni kuweka akiba ya milioni moja na laki mbili, halafu kukopa kiwanja chote na kulipa kwa makato. Unakipata mapema, kwa gharama ya riba. Penye viwanja vinavyopanda bei kila mwaka, mara nyingi hesabu hiyo inalipa. Penye lengo la harusi, hailipi, kwa sababu harusi haipandi thamani.

Hatari iliyojificha ni udhamini. Mwenzako wa ofisi atakuja na fomu, akiwa na tabasamu, akuombe usaini. Ukisaini, kiasi cha akiba yako kinafungwa mpaka amalize. Akiacha kazi, deni linakufuata wewe. Kwa mwenye lengo la tarehe maalumu, jibu ni hapana, na afadhali ulitoe siku ya kwanza kuliko kubagua watu baadaye.

UTT

Mifuko ya UTT AMIS imekuwapo tangu Mfuko wa Umoja ulipoanza 2005, na kwa lengo fupi unaozungumzwa ni Ukwasi, ulioanzishwa 2013. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko, bei yake hutangazwa, na ukitaka pesa unauza vipande na kulipwa kwenye akaunti yako. Hakuna kikao, hakuna faini, hakuna Mama fulani.

Hapo ndipo utamu na sumu vinapokutana. Kwa mtu mwenye nidhamu, aliyeweka agizo la kudumu benki ili pesa iende yenyewe kila tarehe 28, UTT inashinda zote tano: inazaa, iko mbali na shemeji, na siku tatu za kazi zinatosha kukupa nafasi ya kutafakari kabla hujanunua televisheni. Kwa asiye na nidhamu ni kibubu chenye jina zuri. Hakuna atakayekuuliza ukiruka mwezi. Nimeona watu wenye vipande vya elfu hamsini walivyonunua kwa shangwe mwezi wa kwanza, na vikabaki hivyo hivyo.

Ni uwekezaji, si amana. Ukitaka kinga ya kisheria, ya benki ndiyo ipo: Bodi ya Bima ya Amana hulinda hadi 7,500,000 kwa mteja benki ikianguka, na akaunti ya muda maalumu inakubana kutoa mapema. Riba yake kwa kiasi kidogo kama hiki ni ya kawaida tu.

Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, nazitaja kwa ufupi kwa sababu kila mtu siku hizi anazisifu mitandaoni. Kuanzia milioni moja, miaka miwili hadi 25, riba inalipwa kila miezi sita. Kwa ada ya mtoto ambaye sasa yuko chekechea, au kwa uzee, ni nzuri mno. Kwa kiwanja cha miezi 18 hazihusiki.

Je, kununua kwa awamu?

Hii ndiyo njia ya sita ambayo lengo la kiwanja limeileta lenyewe. Kampuni nyingi zinazouza viwanja Kigamboni, Kibaha, Mkuranga na kwingineko hukubali ulipe kidogo kidogo kwa mwaka au zaidi. Bei imefungwa leo, na kila rejesho linakubana kuliko kikao chochote. Shida ni kwamba bei ya awamu huwa juu ya bei ya taslimu, na mikataba mingine inasema ukichelewa miezi kadhaa unarudishiwa pungufu, au hurudishiwi. Kabla ya kulipa hata mia, chukua namba ya kiwanja na kitalu uende ofisi ya ardhi ya halmashauri husika waangalie kama kimepimwa na kiko kwa jina la nani. Asiyetaka uende huko ameshakujibu.

Nani achukue ipi

Mwajiriwa mwenye SACCOS inayoaminika: akiba kwa makato, kisha mkopo. Mwajiriwa asiye nayo: agizo la kudumu kwenda Ukwasi, siku ile ile ya mshahara, si "ikibaki".

Mama lishe, fundi, muuza mitumba, yeyote anayepata kila siku: kibubu kwa siku saba tu, kikoba kila Jumamosi, na mgawo wa Desemba uhamie Ukwasi kwa miezi sita iliyobaki. Mchanganyiko huu unaonekana una kazi nyingi, lakini kila hatua inafanya kile inachokiweza.

Mwenye watu wanane au tisa anaowaamini kweli na akapewa namba za mbele: mchezo, bila kusita.

Na aliye tayari kwenye vikoba vitatu asiongeze cha nne kwa ajili ya kiwanja. Amalize mzunguko, akae kwenye kile chenye faini kali na mikopo midogo, na hisa alizokuwa akigawa kwa vitatu azinunue kwenye hicho kimoja.